Fundi Bomba na Samaki wa Bibi

Fundi Bomba alikuwa na desturi iliyowaudhi watu wengi. Akiingia nyumbani kwako, kabla hajakusalimu, alibandika sikio ukutani. Alisimama hivyo kitambo, kofia mkononi, macho ameyafumba, kisha ndipo akageuka na kusema, "Hamjambo humu?" Ukimwuliza alikuwa akisikiliza nini, alijibu kwamba mwenye nyumba anaweza kukudanganya kuhusu hali ya nyumba yake, lakini bomba halijui kudanganya.

Enzi hizo za Mwingereza nyumba zenye bomba pale Sumbawanga zilikuwa chache, na zote alizijua kwa sauti. Ya daktari ilikohoa. Ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, ilipiga mluzi kila mpishi alipofungua maji ya jikoni. Nyumba ya mapadri, ambako ndiko alikojifunza kazi, ilinung'unika usiku kucha kama mtu aliyenyimwa chakula, naye alisema hiyo ni haki yake kwa kuwa ilijengwa kwa haraka.

Mimi nilikuwa karani wa duka la vifaa la mfanyabiashara mmoja mkubwa wa mjini, Mwislamu mcha Mungu, mwenye malori yaliyokuwa yakishuka Kirando na Kasanga kufuata samaki wakavu. Sote tulimwita Tajiri. Fundi alikuja dukani karibu kila siku, mara nyingi bila haja ya kununua kitu. Alikuja kuvigusa vitu. Alichukua koki, akaizungusha, akainusa, akairudisha mahali pake huku akitikisa kichwa. "Hii itamliza mtu," alisema. Nilikuwa kijana niliyesoma shule ya misheni, mwandiko mzuri, suruali iliyopigwa pasi, na nilimwona mzee huyu kama kero. Hata hivyo kila alipochelewa kuja nilijikuta natazama mlangoni.

Maneno yake yalikuwa machache, na karibu yote yalihusu maji. "Maji hayana haraka, ila hayasahau njia." "Ukiona tone moja, jua kuna ndoo nzima inayoona aibu kutoka." Kwa watu waliosifiana mno alikuwa na neno lake: "Maji ya juu hayana hatia. Mshitakiwa yuko chini." Alisema hivyo kwenye arusi moja, bibi arusi akalia, na watu walitumia jioni nzima kueleza kwamba Fundi alikuwa na maana nyingine. Hakuwa na maana nyingine.

Alikuwa na kiburi, na sitaki kukificha. Akiona maungio ya bomba yaliyozongwa katani na fundi mwingine, aliyagonga kwa kucha na kuuliza, "Nani alimfungia huyu kilemba?" Padri mmoja mgeni, ambaye hakukaa sana Ufipa, alimwita "boi" mbele ya wanafunzi. Fundi alingoja padri yule aingie kuoga, akamsikiliza mpaka amejipaka sabuni mwili mzima, akafunga maji, akaketi nje juu ya jiwe. Ilikuwa mwezi wa saba, upepo wa Ufipa unakata masikio. Padri alipiga kelele kwa lugha tatu. Alipofika kwenye Kiswahili na kusema "Fundi, tafadhali," maji yakarudi.

Na bado mtu huyo huyo, mwenye bomba za mji mzima mikononi, kwake, mtaani Mazwi, hakuwa na bomba. Alikwenda chemchemini na mtungi kama majirani zake, asubuhi na mapema, na wanawake walimcheka. Alikuwa Mkatoliki wa kusali kila siku, lakini Jumapili akiitwa kuziba palipopasuka alitoka katikati ya misa. Alisema Mungu mwenyewe aliumba maji kabla ya Jumapili. Na ziwa, maji mengi kuliko yote, hakutaka hata kuliona. Tajiri alimwambia mara nyingi apande lori ashuke Kirando akatembee. "Maji yasiyo na ukuta," alijibu, "mimi na yeye hatuna mazungumzo."

Ndiyo maana nilishangaa alipokubali kazi ya samaki.

Tajiri alikuwa na mama yake, mzaliwa wa Kirando, aliyekulia ufukweni na kuolewa ufukweni. Alipopooza miguu, mwanawe alimpandisha Sumbawanga amtunze. Sisi watu wa nyumbani tulimwita Bibi. Chumba chake kilikuwa kizuri kuliko vyote, chenye zulia na dirisha la vioo, lakini kupitia dirisha lile Bibi aliona mashamba ya ulezi na vilima vikavu, basi. Alianza kukataa chakula. Alimwambia mwanawe, bila kulalamika, kwamba kila akiamka anadhani ziwa limekauka.

Tajiri alikuwa mtu wa vitendo. Alisema kama mama hawezi kwenda ziwani, ziwa litakuja. Makanika wake wa malori aliunga fremu ya vyuma, vioo vinene vikaja kwa safari mbili, na sebuleni, mbele ya mlango wa chumba cha Bibi, likasimama tangi la kioo lenye urefu wa kitanda na kimo cha kifua changu. Likajazwa maji. Lori likapandisha samaki wadogo wanaoishi kwenye mawe kutoka Kirando ndani ya mapipa, utingo akiyakoroga maji njia nzima ili samaki wapate pumzi. Baada ya siku tano maji yalikuwa kama uji, na samaki wote walikuwa wamekufa.

Ndipo Fundi alipoitwa. Alibandika sikio kwenye kioo.

"Kimya," alisema. "Maji haya yamekaa tu. Hakuna anayeyapeleka popote. Hata wewe, bwana, nikikufungia chumbani na choo chako, siku ya tano utakuwaje?"

Tajiri, ambaye hakuzoea kusemeshwa hivyo, alicheka mpaka akashika ukuta.

Kazi ile ilichukua miezi miwili, nami niliifuata hatua kwa hatua kwa sababu ndimi niliyetoa vifaa. Fundi alijenga nguzo ya matofali nyuma ya jiko, juu yake akaweka pipa, likiegemea ukuta wenye moto upande wa pili, ili ubaridi wetu usiwaue wageni wa ziwani. Kutoka pipa lile maji yalishuka yenyewe kwa mpira hadi juu ya tangi, na mwisho wa mpira aliweka kipande cha mwanzi kilichotobolewa tundu ndogo ndogo, maji yakawa yanaanguka kama manyunyu. "Samaki wanakunywa hewa kwenye mvua," alisema. Maji yaliyozidi yalitoka kwa mwanzi mwingine uliosimama ndani ya tangi. Huo aliuvika mwanzi mnene zaidi, uliochongwa meno chini, ili maji yavutwe kutoka sakafuni penye uchafu, yapande katikati ya ile miwili, ndipo yatoke. Kutoka hapo yalipita kwenye mitungi mitatu iliyopangwa ngazi: wa kwanza kokoto, wa pili mchanga, wa tatu mkaa uliooshwa mpaka hautoi tena weusi. Chini kabisa yalikusanyika kwenye pipa lililofukiwa ardhini, safi kabisa. Mara mbili kwa siku mtu alipiga pampu ya mkono kuyarudisha juu.

Hakuwaweka samaki mara moja. Alipaka mapipa saruji ndani, akaloweka, akamwaga, akaloweka tena. Kisha alitia samaki mmoja tu, akamwangalia wiki nzima. Tajiri alichoka kungoja. "Bwana," Fundi alimwambia, "huyu ndiye mwonjaji. Akipona yeye, watapona wote."

Alipona. Wenzake wakaletwa, wa manjano wenye mistari ya buluu, weusi wenye macho makubwa. Bibi akasukumwa pamoja na kitanda chake mpaka mlangoni. Alitazama tu, mkono mdomoni, kisha akaanza kuwaita kwa majina ya wasichana aliocheza nao zamani ufukweni. Siku ile alikula wali sahani nzima.

Kuanzia hapo Fundi alifika kila alasiri kukagua mitungi yake, na kila alasiri Bibi alimzuia. Yeye aliyatazama maji na Bibi aliwatazama samaki.

"Njoo uone, mwanangu," Bibi alimwita siku moja. "Yule mama amewatia wanawe kinywani. Akihofu huwameza hivyo, hatari ikipita anawatapika wote wazima."

"Na chakula anakula vipi, Mama?"

"Hali. Anakaa na njaa mpaka wakue."

Fundi alipiga magoti mbele ya kioo akatazama. Mzee yule aliyewadharau mafundi wa nchi nzima alisema taratibu, "Huyo ndiye fundi." Sijapata kumsikia akimpa mtu mwingine jina hilo.

Tangu mwanzo alinipa onyo moja. Nilikuwa nimemwonyesha bomba za shaba zilizoingia dukani, nyekundu, zinang'aa kama vikuku, nikamwambia hizo ndizo zinazofaa nyumba ya heshima. Alizisukuma kando. Alinisimulia kwamba misheni walikuwa wakifuga visamaki ndani ya tangi la maji ya mvua ili wale viluwiluwi vya mbu, mpaka mtu akaweka chujio jipya la shaba, na wote wakafa. Yeye hakuamini, akajaribu kwa ndoo mbili, moja yenye kipande cha shaba na nyingine bila. Akajaribu tena. "Sisi shaba haitudhuru," alisema. "Samaki anaoga humo, anapumua humo. Karani, hata nisipokuwapo, shaba usiisogeze pale."

Nilisema ndiyo, Fundi. Moyoni nilisema ni ushamba wa mzee.

Mwaka uliofuata dada yake Fundi alifariki huko Milepa bondeni, naye Fundi akashuka kwenda kuzika. Wiki ile ile Tajiri alitarajia wakwe zake. Mpira uliotoka kwenye pipa ulikuwa umeanza kupasuka, umefungwa kwa kitambaa, nami niliona aibu wageni wakute kitambaa sebuleni. Kusema kweli, haikuwa aibu tu. Nilitaka Tajiri aone kwamba mimi pia nina akili ya kupamba nyumba. Nikachukua bomba za shaba, nikamwambia makanika aziweke, kutoka pipani mpaka juu ya tangi, na kisha nikamwambia azungushe moja ndani ya maji kwa urembo. Ilipendeza. Wageni walisifu. Tajiri alinishika bega mbele yao akasema, "Huyu kijana wangu ana jicho." Nililala na furaha siku ile. Siku ya nne samaki walianza kulala ubavu.

Yule mama wa kinywani alikufa jioni. Kabla hajafa aliwatapika wanawe wa uzao mpya, wakazunguka juu ya maji kama makapi ya ulezi, nao wakafa mmoja mmoja Bibi akiwatazama. Aliwaita kwa majina yao mpaka sauti ikakauka. Tulipotaka kurudisha kitanda chake ndani alishika mlango kwa mikono miwili.

Tajiri alisimama mbele ya tangi. "Hakuna jipya humu ila shaba hii. Uliiweka wewe?"

"Makanika, bwana."

"Kwa amri ya nani?"

Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza. Tulikaa katika nyumba ya Tajiri, tulikula mkate wa Tajiri. Haya yote ni kweli, na hakuna hata moja linalonisaidia leo. Nikasema, "Fundi aliniagiza, bwana, kabla hajaondoka."

Fundi alirudi baada ya siku mbili, kichwa kimenyolewa kwa msiba, vumbi la njia miguuni. Alikuja moja kwa moja kwa Bibi kabla hajafika kwake. Nilikuwapo. Aliliona tangi lililokwisha kumwagwa maji, akaipapasa ile shaba kwa kidole, polepole, kutoka juu mpaka chini.

"Karani anasema wewe uliagiza hii," Tajiri alisema.

"Karani amesema hivyo?"

"Amesema."

"Na karani yuko hapa. Basi aseme tena."

Tajiri akanigeukia. Fundi naye akanitazama, bila hasira, kama alivyotazama bomba asilolijua bado. Nikatazama zulia. "Ndivyo nilivyoelewa, Fundi," nikasema.

Kisha, ndani ya nyumba ya Tajiri, mbele ya Tajiri, Fundi alivaa kofia yake. Kutoka chumbani Bibi akaita, "Mwanangu, kwa nini?" Fundi alikwenda mpaka mlangoni kwake akasimama. "Pole, Mama," alisema. Alimpa pole kama anavyopewa aliyefiwa, lakini wote waliokuwapo walilisikia kama neno la mtu anayekiri, nami niliwaacha walisikie hivyo.

Mji ulimaliza yaliyobaki. Wakasema ana mkono mbaya. Wakakumbuka na ile arusi na yule padri. Hakuna aliyemwita tena kuziba hata tone. Kwa siku chache alionekana ameketi mbele ya nyumba yake Mazwi, hafanyi chochote, mchana kutwa. Nilikuwa nikipita njia ile kwa baiskeli kwenda dukani. Siku hizo nilizungukia njia nyingine. Kisha nikasikia amehama. Bibi hakupona huzuni ile. Hakuufikia msimu wa mavuno. Tangi la kioo tulilitumia kuwekea misumari.

Miaka ikapita. Mwanangu wa kwanza alikuwa ameanza shule, na watu walizungumza waziwazi kwamba Mwingereza ataondoka, Tajiri aliponituma Muze, bondeni, kununua mpunga. Nilishuka na lori asubuhi. Wakulima walikuwa wakipima magunia, mimi nikatafuta kivuli, nikamwona mzee amesimama ndani ya mfereji wa shamba, maji magotini, anapanga mawe. Nilimjua kwa mgongo. Ningeweza kurudi garini; dereva alikuwa tayari amekaa. Nikavua viatu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Aliinua macho. "Karani. Umenenepa."

Nilisema yote kwa pumzi moja: kwamba ni mimi niliyeamuru ile shaba, kwamba aliniasa nikadharau, kwamba nilimsingizia. Aliendelea kupanga mawe yake mpaka nikamaliza.

"Hayo nayajua," alisema. "Nilikuwapo."

"Kwa nini hukusema? Tajiri angekuamini."

"Ningekutaja, ungekana mbele ya watu. Na mtu akishakana mbele ya watu, inampasa aendelee kukana maisha yake yote. Nikaona bora nikupe nafasi uje mwenyewe. Nilikaa pale nje siku tatu, karani. Nilikuwa nakungoja wewe."

Maji yalipita kati yetu. Akauliza, "Yule Mama alijua, kabla hajafa?"

"Hakujua."

"Alisema neno juu yangu?"

Ningeweza kudanganya mara ya pili, na safari hii ungekuwa uongo wa huruma. Nikamwambia kweli. "Alisema, yule niliyemwita mwanangu ameniulia watu wangu."

Fundi aliketi ukingoni mwa mfereji, mikono yenye tope juu ya mapaja. Ghafla nilimwona amezeeka.

"Mimi nilishakusamehe," alisema mwishowe. "Zamani. Nilitaka kulala usingizi. Lakini lile la Mama siwezi kulisamehe mimi, na wewe huna tena wa kumwomba."

Dereva akapiga honi. "Nenda," aliniambia, kwa upole kabisa. "Gari lisikuache."

Nilipanda. Dereva, kijana wa kutoka mbali aliyeajiriwa mwezi ule, aliniuliza yule mzee ni nani, na mbona nimelowa suruali. Nikamsimulia yote, jinsi ilivyokuwa, tangu tunaondoka Muze mpaka tunamaliza kupanda mlima. Alikuwa mtu wa kwanza mjini kwetu kuusikia ukweli ule, naye hakumjua Fundi wala Bibi.